Vifaranga wa Chumba cha Chini

Katoni ya kwanza ilipofika Keshero, mtaa mmoja wa Goma, Angèle alipiga magoti sakafuni akaifungua kwa kisu cha jikoni, na kabla hajaona kitu, alisikia. Sauti ilitoka kwenye matundu ya katoni kama mvua inayoanza kugonga bati. Walikuwa vifaranga mia moja wa siku moja, waliosafiri kutoka Bunagana kwenye kabini ya lori la mumewe, na wote walikuwa wakilia kwa pamoja. Alimchukua mmoja akamweka kiganjani. Hakuwa na uzito wowote. Lakini chini ya manyoya yale ya njano moyo ulikuwa unakwenda mbio hata vidole vyake vikahisi vinatekenywa, na Angèle, mwanamke mzima wa miaka thelathini na minne, aliyekwisha kuzaa na aliyekwisha kuzika, alijikuta amenyamaza kama mtu aliyeingia kanisani.

"Mama, anaogopa?" aliuliza binti yake Joviale, aliyekuwa na miaka sita.

"Apana. Ni uzima tu huo. Uguse polepole."

Walikuwa wametoka Butembo miaka miwili kabla ya hapo. Mumewe, Kambere, aliendesha lori la mtu mwingine kati ya Goma na mpaka wa Bunagana, na katika wiki alilala nyumbani siku mbili, au tatu barabara ikiwa na huruma. Nyumba waliyopanga ilisimama kwenye mteremko wa mawe meusi ya volkano unaoshuka hadi ziwani. Ilikuwa ya mbao, vyumba viwili na sebule. Ila chini yake, ukishuka ngazi nne, palikuwa na chumba kilichochimbwa ndani ya mwamba, chenye sakafu ya simenti na tundu dogo la hewa karibu na ardhi, upande wa jirani. Mwenye nyumba alikuwa akitunzia mifuko ya simenti humo. Angèle alipomwomba akitumie, alikubali bila kubishana.

Basi biashara ikaanza. Angèle alinunua vifaranga wakiwa wa siku moja, akawalea wiki tano hadi wawe na nguvu, kisha akawauza kwa akina mama waliotaka kufuga kuku wachache nyuma ya nyumba zao. Kazi yenyewe aliiweza. Alimwona mama yake akifanya hivyo Butembo. Asichokijua ni namna biashara inavyoimeza nyumba ikiwa vyote viko chini ya bati moja. Wateja walibisha hodi chakula kikiwa mezani, tena wengine walikaa wakala. Shemeji zake walipita Jumapili kusalimia, wakaondoka na kuku mmoja mmoja kwapani, kwa sababu mtu hauziwi kitu nyumbani kwa kaka yake. Umeme ulipokatika aliwasha mbabula, lile jiko la makala, yaani mkaa, ili vifaranga wasipate baridi, na moshi ukapanda hadi kwenye nguo za shule za Joviale. Unga wa mahindi ya kuku ulikaa chini ya kitanda. Na kila alipokutana na wanawake wenzake wa parokia, walimwambia kwa upole, "Wewe uko na bahati, unashindaka tu nyumbani."

Lakini jambo zito kuliko yote lilikuwa jirani.

Jina lake lilikuwa Mukamugema, ila mtaa mzima ulimwita Mama Munezero, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alikuwa mjane mwenye umri wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye sauti ya kukata. Asili yake ilikuwa Rutshuru, lakini alikulia hapo hapo Keshero, tangu siku ambazo mteremko ule ulikuwa na mbuzi wengi kuliko watu. Alishona nguo kwenye baraza yake, na dirisha la chumba chake cha kulala lilitazama lile tundu la chumba cha chini.

"Mama Joviale!" aliita asubuhi moja juu ya ua wa matete. "Vile vitoto vyako vinaanza kulia mbele ya jogoo! Saa kumi na moja mimi niko macho kama mulinzi!"

"Unisamehe, mama. Ni vitoto, havijue saa."

"Na arufu? Arufu nayo haijue mupaka?"

Angèle aliongeza maranda ya mbao sakafuni, akafagia mara mbili kwa siku. Malalamiko hayakwisha. Kila alfajiri vifaranga walipoanza, Mama Munezero naye alianza, na Angèle akazoea kuamka kwa kelele mbili, ya ndege na ya mwanadamu.

Pamoja na hayo yote, makundi mawili ya kwanza yalikua vizuri. Angèle alimlipa fundi mmoja wa mtaa wa Ndosho akamtengenezea kichanja cha mbao chenye trei mbili za kutoa, kinachofika kifuani kwa mtu, ili nusu ya vifaranga wakae juu na nusu wabaki chini sakafuni. Alianza kuota nyumba yenye duka mbele.

Kisha zikaja mvua za Novemba. Jumatatu moja mchana ardhi ilitetemeka, kwa muda wa kuhesabu hadi tano tu. Goma mtetemeko kama huo haumwondoi mtu mezani. Angèle alishika vikombe, akasubiri, akaendelea kumenya viazi. Hakuona ufa mpya, mwembamba kama uzi, uliopita chini ya maranda kutoka kona moja ya chumba cha chini hadi nyingine.

Wiki hiyo hiyo mbabula ilianza kumsumbua. Jioni iliwaka vizuri. Asubuhi aliikuta imezimika na makala bado meusi, hayajaungua hata nusu. Alikwenda kumgombeza Habineza, muuza makala wa kwenye kona. "Unaniuzia makala mabichi!" Habineza aliapa kwa jina la mama yake, akavunja kipande mbele yake kumwonyesha kilivyokauka.

Siku ya nne aliposhuka ngazi, nusu ya sauti haikuwepo.

Wale wa kichanjani walikuwa wakirukaruka na kudonoa kama kawaida. Wale wa sakafuni, hamsini na watano, walikuwa wamelala ubavu, safu kwa safu, shingo zimenyooka. Hapakuwa na damu wala kuhara. Macho ya wengine yalikuwa wazi. Hawakuwa wamekimbilia pembeni wala kurundikana; kila mmoja alikuwa amelala pale pale aliposimama, kana kwamba wote wameambiwa neno moja, wakatii.

Angèle alikaa kwenye ngazi. Huzuni ilikuwepo, lakini ilikuwa nyuma. Mbele yake ulisimama mshangao. Maji yalikuwa yale yale. Chakula kilikuwa kile kile. Waliokuwa juu wanaishi, waliokuwa chini wamekufa, na kati yao ni urefu wa fimbo ya kutembelea.

Mtu aliyefiwa na kitu kwa namna asiyoielewa hutafuta uso wa kukipachikia kifo hicho. Macho ya Angèle yakaenda kwenye tundu la hewa. Tundu lilikuwa chini, karibu na sakafu. Lilitazama kwa jirani. Mkono wa mtu ulitosha kupita. Akakumbuka maneno ya juu ya ua, akayakumbuka yote, na kufika saa mbili asubuhi alikuwa hana shaka tena.

Alimkuta Mama Munezero kwenye bomba la mtaa, katikati ya wanawake kumi na bidoni zao za njano.

"Mutu anayeua vitoto vya kuku," alisema Angèle kwa sauti ya wote kusikia, "kesho ataua mutoto wa mutu."

Maji yaliendelea kumwagika kwenye bidoni iliyokwisha kujaa. Hakuna aliyelifunga bomba. Kila mtu alijua anasemwa nani. Mwanamke mmoja akanong'ona jambo kuhusu kabila, lile jambo ambalo katika mji huu limekwisha kuchoma nyumba nyingi, na mwingine akamkanyaga mguu anyamaze.

Mama Munezero aliinamia bidoni yake, akaifunga kamba ya kubebea kwenye paji la uso, akasimama polepole.

"Mama Joviale," alisema, "mimi nakasirikaka na mudomo. Mukono wangu hapana." Akaondoka bila kugeuka.

Kuanzia siku ile hakusema tena neno juu ya ua. Angèle aliuchukua ukimya ule kuwa ushahidi. Alichanganya simenti, akaliziba tundu la hewa kabisa, akashindilia matambara pembeni mahali simenti haikushika. Kisha akampigia simu Kambere, na Kambere, aliyekuwa amesimama kwenye foleni ya forodha Bunagana, akampelekea kupitia dereva mwenzake katoni nyingine.

"Angèle," alimwambia kwenye simu, "una hakika ni yule mama?"

"Ni nani mwingine?"

Simu ilikatika, au Kambere aliikata.

Kwa siku sita mambo yalikuwa mazuri. Pepo za ziwani zilivuma, mlango wa chumba cha chini ulikuwa na mianya, na vifaranga wote, wa juu na wa chini, waliimba. Siku ya saba mvua ilinyesha jioni nzima, ikakatika, na hewa ikasimama. Asubuhi ile jani halikutikisika. Ziwa Kivu lilikuwa limelala bapa kama sahani, na moshi wa majiko ulisimama wima juu ya mabati.

Saa kumi na mbili mwanga ulikuwa umekwisha kuenea. Angèle alimwacha Joviale amelala, akachukua kiberiti, akashuka ngazi. Alipofungua mlango alikuta kimya.

Alifikiri amechelewa kuzibuka masikio. Akaingia. Wa sakafuni walikuwa wamelala kama wale wa kwanza, safu kwa safu. Wa kichanjani nao walikuwa wamelala. Mbabula ilikuwa imezimika. Alipiga magoti karibu nayo, akawasha kijiti cha kiberiti, akakiteremsha kuelekea makala. Kijiti kilizimika, na hapakuwa na upepo. Akawasha cha pili. Mwali uliinama, ukajitenga na kijiti kama kitu kinachong'olewa, ukapotea. Cha tatu hakikuwaka kabisa.

Pua yake ilianza kuchonyota, kama mtu aliyekunywa soda kwa pupa. Alihisi anahema, ingawa hakuwa amekimbia, na kadiri alivyohema ndivyo kifua kilivyotaka zaidi. Masikioni kukaanza kuvuma. "Nisimame," alijiambia, na akaona ajabu kwamba miguu haikusikia. Aliinama kutafuta hewa chini, kama mtu anavyofundishwa kukimbia moshi. Na huko chini ndiko kulikokuwa kubaya.

Jambo la mwisho aliloliona ni kifaranga mmoja karibu na jicho lake, manyoya yake yametulia, hayatikiswi na pumzi yoyote, yake wala ya Angèle.

Upande wa pili wa ua, Mama Munezero alikuwa ameamka saa kumi na moja kama alivyozoeshwa. Alilala akitazama dari, akisubiri zile kelele ili apate kukasirika vizuri. Hazikuja. Saa kumi na moja na nusu, hazikuja. Aliinuka akakaa kitandani. Akatazama nje, akaona majani hayatikisiki. Akasikia mlango wa chumba cha chini ukifunguliwa, halafu hakusikia ukifungwa wala mtu akipanda.

Hakuvaa viatu. Aliuvuka ua wa matete kwa kuuvunja.

Mlangoni alisimama muda wa kuvuta pumzi moja kubwa, akaufunga mdomo, akaingia akiwa amenyoosha shingo kama anayevuka mto wenye kina. Alimshika Angèle makwapani. Angèle alikuwa mnene kuliko yeye. Alimvuta hadi kwenye ngazi ya kwanza, pumzi ikamwisha, akapanda peke yake, akapumua nje, akarudi. Akamvuta ngazi ya pili. Akapanda tena, akarudi tena. Mara nne mwanamke yule alipanda na kushuka, mara moja kwa kila ngazi, mpaka kichwa cha Angèle kikatoka kwenye kizingiti.

Angèle alizinduka akiwa amelala juu ya mawe meusi, mate yanamtoka, kichwa kinapasuka. Juu yake palikuwa na anga, na katikati ya anga ulikuwepo uso aliokuwa ameutukana.

"Joviale," alisema.

"Joviale yuko juu kwenye kitanda, amelala muzuri. Nimemuona. Vuta hewa. Usiongee."

"Ni nini? Nani…"

"Si mutu. Ni mazuku."

Angèle alikuwa amelisikia neno hilo sokoni, kama mtu anavyosikia majina ya mashetani ya kutishia watoto. Mama Munezero alichungulia chumbani, akavuta pumzi nyingine, akaingia tena. Alirudi na trei ya kwanza ya kichanja, akaiweka juani; akaenda akarudi na ya pili, akiyumba, midomo imegeuka rangi. Kisha akakaa chini kando ya Angèle, na wanawake wawili wakatazama vifaranga sitini waliolala kwenye maranda kama matunda yaliyopukutika.

Jua ndiyo kwanza lilikuwa linapanda juu ya mabati. Lilizigusa zile trei. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu.

Halafu mguu mmoja ukanyooka.

Angèle alidhani ni macho yake. Lakini ukucha ulikunjuka, ukakunjika, na kifua chembamba kikapanda. Kifaranga mwingine alifungua mdomo bila sauti, mara mbili, mara tatu, kama anayekumbuka namna ya kufanya. Mwingine aliinua kichwa kikamshinda, akakiinua tena. Pembeni mmoja alisimama kabisa, akaanguka kifudifudi, akasimama. Na sauti ikaanza, nyembamba, moja, halafu tano, halafu kutoka kila upande wa trei, mpaka uwanja wote ukajaa mlio ule ule ambao kwa miezi sita ulikuwa umewagombanisha.

Angèle alitaka kupiga ishara ya msalaba, mkono ukamshinda, akauacha kifuani. Mama Munezero naye alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Walihesabu mpaka wa mwisho kati ya waliorudi aliposimama. Walikuwa arobaini na mmoja. Wengine hawakuamka, na wa sakafuni hakuamka hata mmoja.

"Mimi nimekaa hapa miaka makumi," alisema Mama Munezero hatimaye, "hii sijaiona."

Saa mbili, Joviale alipokwisha kunywa uji akiwa amepakatwa na mama yake, asiruhusiwe kushuka, Mama Munezero alileta gazeti kuukuu. Alilisokota, akaliwasha, akalipuliza ili litoe moshi mwingi. "Njoo uone kile kilikuwa kinakuua," akasema. "Simama hapa mulangoni. Kichwa juu."

Aliurusha ule mwenge wa karatasi katikati ya chumba. Ulipofika usawa wa nyonga ulizimika, kama umetumbukia majini. Lakini moshi haukuzimika. Ulishuka kidogo, ukasimama, ukaanza kutandaa. Ulitandaa pande zote, mweupe, bapa, ukafika kwenye kuta nne na kukaa pale, na juu yake hewa ilikuwa safi, na chini yake hewa ilionekana safi. Ilikuwa ni kidimbwi. Chumba kilikuwa kimejaa kitu hadi nusu, na moshi ulikuwa unaelea juu ya uso wake kama ukungu juu ya ziwa. Mama Munezero alipitisha ufagio taratibu, na mawimbi yakaenda, mapana, ya uvivu, yakagonga ukuta yakarudi.

Angèle alishika fremu ya mlango. Alikuwa amepiga magoti ndani ya maji yale. Alikuwa ameyanywa. Akawaza juu ya ardhi aliyokuwa akiikanyaga kila siku akienda bombani, misa, sokoni, akiidhani kuwa ni jiwe lililokufa zamani, kumbe inapumua. Inapumua wakati watu wamelala, bila kelele wala chuki, na pumzi yake inatafuta mahali pa chini pa kukaa, kama maji yanavyotafuta.

"Inatoka wapi?"

"Chini. Ni hewa nzito, inatoka kwenye mashimo ya volkano. Wakati niko mutoto kulikuwa bonde kule mbele, sisi tulikatazwa kupita asubuhi. Unakuta nyoka, panya na ndege wamelala pamoja, bila ugomvi." Akageukia kule mbele. "Kaka yangu alifuata mbuzi mule."

Angèle hakuuliza kaka aliishia wapi.

"Hiki chumba chako kilikuwa kizima," Mama Munezero aliendelea. "Simenti ilikaa humu miaka na watu walilala humu. Nazani ardhi ilifungua mulango mupya siku ile ilitetemeka. Kwa muda ile hewa ilikuwa inatoka kwa lile tundu, inateremuka kwa ziwa. Wewe ukaliziba."

Angèle alilitazama tundu. Simenti yake ilikuwa bado inang'aa. Alikuwa ameijaza nyumba yake kifo kwa mikono yake, kwa sababu ya uso mmoja aliouchukia, na mwenye uso ule alikuwa amekanyaga ngazi mara nne.

"Ulijua nimekutukana mbele ya watu," alisema. "Ukaingia."

Mama Munezero alichukua ufagio wake. "Ningefanya nini? Ningelala?"

Kesho yake, saa ile ile ya foleni, Angèle alikwenda bombani bila bidoni. Wanawake walikuwa wengi kuliko siku ile; habari ilikuwa imekwisha kusambaa. Alipiga magoti kwenye matope mbele ya Mama Munezero.

"Nilisema neno hapa," alisema. "Niliyemuita muuaji ndiye alinitoa kwa kifo. Mimi ndiye niliongopa. Na nyinyi mulinisikia siku ile, munisikie na leo."

Mama Munezero alimshika kiwiko akamwinua, akitazama pembeni kwa aibu. "Simama, unachafua kitambaa. Ni kitambaa kizuri."

Kambere aliporudi kutoka Bunagana walikuwa wamekwisha kuvunja simenti ya tundu. Hakuamini mpaka alipoona moshi unaelea. Akavua kofia, akabaki ameishika mkononi kama yuko mazishini. Walipotaka kuufunga mlango wa chumba kile kwa mawe, mwenye nyumba alikuja, akalalamika, lakini Mama Munezero alimwalika atangulie kuingia na kupiga magoti, naye akakumbuka ana safari.

Biashara ilibaki bila mahali. Nyuma ya nyumba ya Mama Munezero palikuwa na nundu ya lava, mahali pa juu kuliko uwanja wote, penye upepo mchana na usiku. Ni yeye mwenyewe aliyeitoa. Masharti yake yalikuwa matatu: kibanda kisimame juu ya miguu ya mikaratusi, mlango utazame ziwani, na maranda yabadilishwe kila siku bila kukumbushwa.

"Na kelele?" aliuliza Angèle.

"Kelele uache. Nikikosa kuisikia nitakufa na woga."

Baadaye walianza kugawana kazi: mmoja alinunua, mwingine aliuza barazani akiwa anashona, na wateja wakaacha kuingia kwenye sahani za Angèle. Shemeji zake walipokuja Jumapili na makwapa yao wazi, walimkuta Mama Munezero, ambaye hakuwa na shemeji Butembo.

Lakini kilichomkaa Angèle moyoni zaidi kilitokea wiki mbili baada ya asubuhi ile. Wanawake wa mtaa waliogopa. Walimwomba Mama Munezero awaonyeshe namna ya kuipima nyumba, naye akanunua mishumaa. Siku ya Jumamosi, mapema, hewa ikiwa imetulia, walikwenda nyumba kwa nyumba, wanawake saba, Angèle akiwa wa mwisho kwenye msafara. Katika kila nyumba mmoja aliwasha mshumaa usawa wa kifua na kuuteremsha polepole kuelekea sakafuni, kwenye kila kona, na wengine wakautazama mwali ule bila kupepesa. Nyumba ya kwanza ulifika chini ukiwaka. Ya pili vilevile. Ya nne, ya tisa. Walianza kucheka kidogo, wakataniana.

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya Séraphine, msichana aliyeolewa mwaka ule, yenye chumba cha nyuma kilichoshuka chini ya usawa wa barabara. Kulikuwa na godoro moja sakafuni, na juu ya godoro mtoto wa wiki tatu amelala chali, ngumi zake mbili zimewekwa pembeni mwa masikio.

Mama Munezero aliinama na mshumaa. Ulipita usawa wa goti ukiwaka. Ulipita usawa wa muundi. Palipobaki kiganja kimoja kufika sakafuni, mwali uliinama, ukajitenga na utambi, ukazimika.

Moshi wake mwembamba ulitandaa pale pale, bapa, ukafika ukingo wa godoro, chini kidogo ya shavu la mtoto, ukasimama.

Angèle ndiye aliyekuwa karibu. Alinyoosha mikono, akamwinua mtoto polepole, akamweka juu begani, na mtoto akapiga chafya, akaendelea kulala. Séraphine alikuwa ameegemea ukuta. Wanawake walitazama ule mstari mweupe uliolala kando ya godoro, wakasikiliza pumzi ya mtoto, nyepesi, ya haraka, inayoingia na kutoka.

Mchana ule Kambere na fundi wa Ndosho walipigilia misumari kitanda chenye miguu mirefu kuliko vitanda vyote vilivyowahi kuonekana Keshero. Séraphine alihitaji kigoda ili akipande.